Dawa ya Jua Iliyoshiba Mapema

"Hapa Musienene hakuna mwizi wa kunipita mimi," bibi mzee Koko Mariette alipenda kujisifu. Kuku wake wawili waliibiwa juma lililopita. Lakini kuku hao, alisema, walikuwa na tabia ya kutembea-tembea.

Njo yeye Solange, binti mwenye kufanya majaribio ya kusafisha hewa, alimuita asubuhi ile. Katika kiwanja cha kanisa, dawa iliyo ndani ya sanduku lake la kioo ilikuwa imegeuka njano.

"Koko, imekufa! Kwenye jua inavuta gaz carbonique ndani ya hewa, ile ya moshi na ya pumzi yetu. Ikishiba, jioni, njo inakuwa njano. Leo ni saa tatu tu! Wageni ba Beni banafika saa sita kuiangalia. Bakiikuta hivi, kazi yangu batapatia wengine."

Mama Abigaïl, shemasi, alisimama mulangoni mwa kanisa, mikono kiunoni. "Ni kamio ile ya mizigo ya Ramazani. Ilitoa moshi hapa tangu asubuhi."

"Vioo hivi nilivileta mimi toka Butembo," dereva Ramazani alijibu, kikombe cha chai mukononi. "Nimuharibie mutoto huyu juu ya nini?"

Koko alipitisha kidole kwenye kioo. Kilitoka safi. "Moshi wa mazout unaacha masizi. Ramazani, kunywa chai yako."

Aliinama, akanusa. Kwenye tundu la kuingizia hewa ilinata mbegu moja ya mutama. Nyuma ya ukuta, chini ya majani ya migomba, alikuta bidon, dumu la plastiki, ikitoa mapovu, na mupira mwembamba kama mrija umelazwa kuelekea lile tundu.

"Solange, pombe ikichachuka inatoa nini?"

"Gaz ileile!" Solange alifuta machozi. "Donc kumbe haikufa, imeshibishwa! Nikiiweka kivulini itatapika gaz yote, irudie rangi yake kabla ya saa sita."

"Basi nani anapika kasiksi hapa?"

"Hapana mimi," Abigaïl alisema mbio. "Pombe ya ndizi? Hata namna ya kuipika sijui."

"Lakini ulikuwa unaanika muhogo wako hapa, mpaka pasta akamupa Solange kiwanja. Sasa batu bote banamuita Mama Jua. Wewe banakuita nani?"

"Wivu? Mimi, shemasi?"

Koko alichovya kidole, akaonja, akatema. "Ah, kweli, hapana wewe. Huyu aliyeipika hajui kazi. Mutama wa kuchachusha umeungua."

Ramazani alicheka. Shingo ya Abigaïl ilivimba.

"Umeungua? Mutama wangu? Niliukaanga mi mwenyewe, hakuna hata mbegu moja..."

Mikono yake ikashuka toka kiunoni.

"Endelea, Shemasi," Koko alisema. "Halafu uliweka ndizi gani?"