Bakuli Lililosikia Baridi

Ilikuwa Jumamosi kama nyingine zote. Nguo kambani, redio dirishani, na jirani yetu Mama Shaba amejikunyata kwenye ngazi za mlango wa nyuma, anasugua. Jina hilo tulimpa sisi, naye hakulikataa. Angelikataaje? Masinia ya shaba yalijaa ukutani sebuleni, jogoo wa chuma alisimama juu ya nguzo bustanini, na vinara vya zamani vilipangwa kando ya njia mpaka getini. Mvua ikinyesha, nyumba ile ilipiga ngoma. Tangu afiwe na mumewe alibaki na vyombo hivyo na binti yake mdogo, mboni ya jicho lake, tuliyemwita Kibibi kwa jinsi alivyopenda kuongea kiutu uzima.

Siku hiyo alikuwa akisugua bakuli la shaba la kunyweshea ndege, lenye miguu mitatu, lililofunikwa kutu ya kijani gubigubi. Aliyemuuzia alikuwa mchuuzi wa vitu vya kale ambaye soko zima lilimwita Kweli Tupu, kwa sababu ya uongo wake. Alikuwa amemwonya: "Dada, hili usilisugue. Liache na kijani chake." Lakini maneno ya mwongo nani huyashika? Sikio la kufa halisikii dawa. Ndimu, majivu, kitambaa, na kufika adhuhuri bakuli lilikuwa linameremeta. Kibibi akaegemeza mkono wake ukingoni, mkono wenye kovu la chanjo mfano wa punje ya mahindi.

"Mama," akasema, "linatetemeka."

Mama Shaba akacheka, akaendelea kufuta.

Siku zilizofuata mng'aro ule ulififia. Bakuli likageuka kahawia, kahawia tulivu ya kupendeza. Shaba ndivyo ilivyo, ikikaa hewani hubadilika, kwa hiyo hakushtuka. Kilichomshtua ni doa la kijani nyuma ya sikio la mtoto. Sabuni haikulitoa. Daktari akaandika dawa ya kupaka, doa likashuka shingoni. Kibibi akaanza kulalamika kwamba chai ina ladha ya sarafu. Kisha asubuhi moja, mezani, kijiko kilimponyoka mama mtu kikampiga mtoto gotini.

Goti likalia kama kengele.

Mama Shaba alimbeba mgongoni mbio hadi sokoni. Mtoto alikuwa mzito. Alikuwa wa baridi. Kweli Tupu alipowaona, akafunga mlango wa duka.

"Ulilisugua?"

"Nililisugua, kaka yangu. Nisaidie. Sina mwingine."

Kwa mara ya kwanza mtu yule hakuwa na utani. Akanong'ona. "Aliyeniuzia mimi aliniambia kitu hicho husikia baridi. Ukikivua kijani chake, huvaa ngozi ya aliye karibu."

"Nifanye nini?"

"Kivishe upya. Kipake siki na chumvi, kifunike kwa vumbi la mbao, kizike. Ndivyo ninavyovizeesha vyombo vyote ninavyowauzia nyinyi. Hicho chako peke yake ndicho kilichokuwa cha kale kweli."

"Atapona?"

Kweli Tupu akatazama chini. "Kijani cha haraka, dada, hufutika hata kwa kidole. Lakini sijui njia nyingine."

Mfa maji haachi kutapatapa. Alichimba shimo bustanini kwa mikono, kucha zikavunjika. Alipoliinua bakuli, nusura alitupe. Lilikuwa na joto, joto la mtoto aliyeamka sasa hivi. Akalipaka siki na chumvi, akalimwagia vumbi la mbao, akalifukia.

Kisha akakaa kando ya shimo na Kibibi mapajani. Magoti ya mtoto hayakukunjika tena. Macho hayakupepesa. Mama Shaba aliomba dua zote alizozijua, zilipomwishia akaanza kubembeleza udongo. Chukua masinia. Chukua vinara. Nichukue mimi. Mwache mwanangu.

Kesho yake alasiri, mtoto akakohoa. Kijani kikateremka kutoka shingoni, kikafifia, kikaisha.

"Mama, nina njaa."

Kilio alichokitoa mama kilituvusha uani sote. Tulimwona Kibibi kwa macho yetu, kahawia yake ileile ya kupendeza, anakula mkate kwa mikono miwili. Tukashangilia. Bakuli likafukuliwa, la kijani kibichi, likasukumwa mwisho wa bustani.

Jioni mama akamwogesha. Alimfuta mgongo polepole kwa taulo jeupe. Taulo likatoka na kahawia. Akadhani ni uchafu. Akafuta tena.

Akaushika ule mkono. Akatafuta kovu la chanjo. Halikuwepo. Akapitisha kidole gumba, kidogo tu, mahali lilipokuwa.

Chini yake kitu cha manjano kikameremeta.

"Mama, usisugue," Kibibi akanong'ona. "Nitasikia baridi."

Mama Shaba akalikunja taulo. Akamvisha mtoto sweta la mikono mirefu, akamkumbatia, na baridi ya kile kifua kidogo ikampenya mpaka kwenye mifupa. Hakumwachia. Alfajiri walikuwa wamekwisha kuhama, bila kuaga, bila kuchukua hata kinara kimoja. Mpaka leo hatujui waliko.

Mwenye nyumba waliyopanga alikuja kusafisha, na tukamsaidia kubeba vyombo nje. Bakuli alilibeba mwenyewe. Alilishika ukingoni, kidole gumba kikateleza, kijani kikafutika. Akasimama palepale, akatuonyesha.

Chini ya kijani hapakuwa na shaba. Palikuwa na ngozi laini, ya kahawia, yenye joto. Na katikati yake, kovu la chanjo mfano wa punje ya mahindi.