Gunia Lisilo na Waya

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai yake, Maram alimpelekea bibi yake vidonge vitano na glasi ya maji. Viwili vilikuwa vyeupe, kimoja cha manjano, na viwili vidogo vya rangi ya waridi. Bibi Ghaniya alivipanga kwenye kiganja na kuvikodolea macho kama mwalimu anayewatazama wanafunzi wachelewaji.

"Haya, piteni, msinisumbue," alikuwa akiviambia, kisha akavimeza vyote kwa mkupuo mmoja.

Bibi alizaliwa Unguja, akaja Ibra, huku Omani, akiwa msichana, na mpaka leo Kiswahili chake kilikuwa kile cha mjini Unguja, laini na chenye kuchoma panapohitajika. Miezi miwili iliyopita alipasuliwa moyo huko Maskati. Alirudi mwembamba, anapumua polepole, na ulimi wake umeharibika kwa dawa.

"Chumvi siijui, sukari siijui," alisema. "Nakula kwa kukumbuka tu."

Kwenye mlango wa friji mama yake Maram, Bi Shaikha, alibandika karatasi yenye maandishi makubwa: BIBI HALI CHUMVI. Daktari alikuwa amesema neno hilo mara tatu, na mara ya tatu alilisema huku amemshika baba mkono.

Sasa ilikuwa Idi ya kuchinja, siku ya pili. Baba, Bwana Hashil, aliamua kuwa siku ya tatu nyumba yao itatoa chakula cha shukrani. Wangealikwa majirani waliotoa damu, waliolala hospitali na Bibi kwa zamu, na waliowapikia watoto wiki tatu nzima mama alipokuwa Maskati. Na chakula cha shukrani Ibra ni kimoja tu: shuwa, nyama iliyotiwa viungo, ikafungwa, ikazikwa ndani ya tanuri la chini ya ardhi siku nzima mpaka inaachia mfupa yenyewe.

"Mwaka mzima sijaonja shuwa," Bibi alisema. "Mnipikie yangu kijisufuria pembeni, nyinyi mle yenu."

"Hapana, mama," baba akajibu. "Wageni watakula sinia moja na wewe. Gunia letu zima halitiwi chumvi. Anayetaka chumvi, kibakuli kitakuwa pembeni."

Basi jikoni kukawa vita vya furaha. Mama alisaga kitunguu thomu, bizari, iliki, karafuu na pilipili manga, akachanganya na siki na tende zilizorojeka, akaipaka nyama mpaka kwenye mikunjo. Huku anafanya kazi, anafundisha.

"Majani ya mgomba yapitishe kwanza juu ya moto, yalegee, la sivyo yatapasuka. Gunia liloweke maji, lisiungue. Mafuta ya nyama yaelekee juu, yakiyeyuka yateremke. Na wali, Maram, sikiliza, wali hauwekwi motoni mpaka mgeni wa kwanza amekunywa kahawa. Mgeni anasubiri wali, lakini wali haumsubiri mgeni."

"Sawa, mama," Maram alijibu, lakini macho yake yalikuwa kwenye mikono yake.

Mikono hiyo ilikuwa imepambwa asubuhi ile. Binamu yake Alyaa alimchora hina kuanzia kwenye vidole mpaka juu ya kifundo cha mkono, maua na matawi, kazi ya saa mbili. Ilikuwa imekauka nusu. "Ukishika kitu kigumu kabla ya alasiri," Alyaa alimwonya, "usije kunililia."

Na kitu kigumu kikaja. Nyama ilifungwa kwenye majani, ikatiwa ndani ya gunia lililosukwa kwa majani ya mtende, gunia likashonwa. Mama akamtupia Maram kipande cha waya wa shaba.

"Funga alama yetu, mwanangu. Pete tatu, uzisokote zikaze. Mimi nakwenda kumwogesha bibi yako."

Tanuri lilikuwa la mtaa mzima. Magunia kumi na mawili hushuka humo pamoja, na yakitoka yote ni meusi, yanafanana kama mapacha. Kwa hiyo kila nyumba ina alama yake ya waya: hawa pete moja, hawa msalaba, hawa kipande cha bati kilichotobolewa. Nyumba moja tu haikuweka alama, nyumba ya Mzee Thani. Babu yake hakuweka, baba yake hakuweka, na yeye alijisifu barazani kuwa gunia lake ni "bubu" na kila mtu anamjua bubu wake.

Maram aliushika waya. Ulikuwa mkavu, mkali, unakwaruza. Aliusokota mara moja, na ua zima likabanduka kwenye kidole chake cha shahada. Roho ikamwuma! Akatazama huku na huku. Juu ya kabati palikuwa na utepe mwekundu wa kufungia zawadi za wageni, laini kama hariri. Aliuchukua kwa ncha za vidole, akafunga pete tatu nzuri chini ya gunia. Alama ni alama, alijiambia. Waya akautia mfukoni.

Baba alipokuja kubeba gunia aliuliza, "Umefunga waya?"

"Nimefunga, baba. Upande wa chini, karibu na mshono."

Neno lilimtoka kirahisi sana. Hata yeye lilimshangaza.

Kesho yake alasiri watu walikusanyika kwenye tanuri. Mzee Khalaf, msimamizi wake, alifukua mchanga, akaondoa kifuniko cha chuma, na moshi wenye harufu ya karafuu ukapanda. Vijana waliyavuta magunia kwa ndoana, moja baada ya jingine, meusi tititi, yanatoa mvuke. Maram alifika na baba yake wakati Mzee Thani tayari amekwisha pakia bubu wake kwenye pikapu na anaondoka, anapiga honi kama bwana harusi.

Wenye pete moja wakachukua. Wenye bati wakachukua. Gunia moja likabaki.

Maram aliinama kulitazama. Utepe haukuwepo. Hakukuwa na hata uzi wake. Gunia lilikuwa tupu kabisa, bubu! Mabubu wawili wametoka kwenye tanuri moja, na mmoja amekwenda kwa Mzee Thani. Yupi?

Baba alikuwa upande wa pili akisalimiana na watu. Mzee Khalaf alikuwa akijipangusa macho kwa moshi. Maram akaingiza mkono mfukoni, akautoa ule waya, akausugua kwenye majivu mpaka ukawa mweusi, akausokota pete tatu chini ya gunia, karibu na mshono. Safari hii hina haikumjia akilini hata kidogo.

"Maram! Waya upo?" baba aliita.

"Upo, baba! Ulikuwa umelegea tu."

"Alhamdulillahi. Yalla, twende, wageni wanakuja."

Njiani alijipigia hesabu: ama ni letu, ama si letu. Labda ni letu. Lazima ni letu.

Baada ya magharibi ua ulijaa. Mikeka ilitandikwa, kahawa ikazunguka, tende zikazunguka, na wali ukawekwa motoni pale pale mama alipotaka. Kaka yake Firas, mwenye miaka kumi na sita, alimwagia wageni maji ya kunawa, kila mara akimnong'oneza Maram: "Mbona umenuna kama umemeza limau?" Alikuwepo Taghreed, jirani yao muuguzi, ambaye alilala sakafuni hospitali siku nne kwa ajili ya Bibi. Walikuwepo wanaume sita waliotoa damu. Bibi aliketishwa kwenye kiti mbele ya wote, amevaa kanga mpya, anawatania waliotoa damu.

"Sasa ndani yangu mna nyinyi sita. Ndiyo maana siku hizi nakoroma kama lori!"

Watu wakacheka. Baba akaliweka gunia kwenye sinia kubwa mbele yake. Nyumba yao ilikuwa na desturi: gunia la shuwa halifunguliwi jikoni wala haliguswi na mpishi. Linakatwa mbele ya wageni, na pande la kwanza analishwa anayeshukuriwa au anayeshukuru.

Kisu kikapita. Majani yakafunguka. Mvuke ukapanda, watu wakasema "Mashaallah." Baba akachambua pande laini, lenye mafuta, akalinyanyua kwa vidole vitatu.

"Bismillahi, mama."

Bibi akafungua kinywa. Hataijua, Maram aliwaza. Ulimi wake haujui chumvi. Atakula, atashiba, ataongeza, na hatajua mpaka...

"Baba, usimpe!"

Sauti iliyotoka haikufanana na yake. Kikombe kilianguka mahali fulani. Ua mzima ukageuka, macho arobaini juu ya mtoto mmoja. Mkono wa baba ulisimama hewani, mafuta yanadondoka kwenye kanzu yake nyeupe.

"Una nini wewe?" mama alisema, amesimama na upawa wa wali mkononi.

"Gunia... sijui kama ni letu." Machozi yalikuwa yameshafika. "Sikufunga waya jana. Nilifunga utepe, kwa sababu ya hina. Umeungua. Mzee Thani alichukua moja, likabaki moja, na mimi... waya nimeufunga leo. Pale pale kwenye tanuri. Niliupaka majivu."

Mama alisogea, akachovya kidole kwenye mchuzi, akaonja. Uso wake ulikunjamana, kisha ukakosa rangi.

"Chumvi," alisema. "Chumvi tupu. Chumvi ya kukausha papa!"

Taghreed akaonja naye. Aliweka kipande chini taratibu sana, na alipozungumza alimtazama baba, si Maram.

"Moyo wake bado mchanga, Hashil. Angekula sahani moja ya hii, maji yangejaa kifuani. Usiku huu tungekuwa barabarani tunakimbilia Maskati, na sijui tungefika vipi."

Baba aliketi chini ghafla, kama mtu aliyesukumwa. Alilitazama lile pande la nyama vidoleni mwake kana kwamba ni nyoka. Mkono wake mwenyewe! Mkono wake ungemlisha mama yake. Maram alitamani apigwe, azomewe, lolote, kuliko kumwona baba yake akiutazama mkono wake hivyo.

"Firas," mama akasema, "kimbia kwa Mzee Thani."

Firas hakufika mbali. Lango lilifunguka kwa kishindo, na Mzee Thani mwenyewe akaingia akisukuma toroli, ndani yake gunia jeusi lililokatwa, nyuma yake wajukuu wanne wenye njaa.

"Yakhe, Hashil!" alipiga kelele. "Ni nani kanipikia nyama ya mgonjwa? Wageni wangu wanatafuna, wanatazamana, wananionea haya! Khamsini na mitatu miaka yangu ya kuzika shuwa, sijapata kula shuwa iliyosahau chumvi!"

Kisha Bibi Ghaniya akaanza. Mabega yalimtikisika kwanza, halafu kicheko kikatoka, chembamba, halafu ua mzima ukamfuata, hata baba.

"Thani," Bibi alisema akijifuta machozi, "hiyo nyama ya mgonjwa ni yangu. Nirudishie, na wageni wako waite huku. Mikeka ipo."

Wakaja wote. Magunia mawili yakawekwa pamoja, sinia zikatengwa, yenye chumvi upande huu, isiyo na chumvi upande ule. Baba alionja mwenyewe mara mbili, mama akaonja, Taghreed akaonja, ndipo Bibi akalishwa. Alitafuna amefumba macho.

"Hii naikumbuka," alisema.

Maram hakula. Alikwenda kwa Mzee Thani, akamwamkia, akamwomba radhi mbele ya wageni wake. Mzee Thani alijikuna ndevu.

"Shikamoo yako nimeipokea. Na bubu wangu mimi ndiye nusu ya makosa. Mwakani nafunga waya, babu yangu anisamehe."

Watu walipoanza kuaga, Bibi alimwita Maram akae miguuni pake. Alimshika mikono, akaigeuza chini ya taa. Hina ilikuwa imechubuka, na waya ulikuwa umeacha mistari myekundu kwenye vidole.

"Umenitia khofu, mjukuu wangu. Lakini si utepe ulionitia khofu. Utepe ni utoto. Ungemwambia baba yako jana, angecheka, angefunga waya mwenyewe. Kilichonitia khofu ni yale majivu. Ulikaa ukaupamba uongo mpaka ukafanana na kweli."

"Nimekosa, bibi."

"Umekosa. Sasa sikiliza. Watu waliokuja leo hawakumwuliza mama yako ametia nini chunguni. Wamefungua vinywa tu. Mimi pia nilifungua. Anayemlisha mtu ameshika uhai wake, na anayeshika uhai wa mtu hana ruhusa ya kusema uongo, hata mdogo, hata kwa kuona haya. Leo ulisema kweli mbele ya macho arobaini, na ilikuwa tabu. Ndiyo maana mimi nimekaa hapa na siko barabarani. Lakini kweli ya jana ingekuwa rahisi zaidi. Umefahamu?"

"Nimefahamu."

Bibi akaingiza mkono kwenye kanga yake, akatoa ule waya wa pete tatu, umefutwa majivu, shaba yake inang'aa. Akauweka kwenye kiganja cha Maram na kukikunja kiganja kwa mikono yake miwili.

"Idi ijayo utafunga wewe tena. Si Firas, si baba yako. Wewe. Na hina upake baadaye."

Asubuhi iliyofuata, kabla ya chai, Maram alipeleka vidonge vitano na glasi ya maji. Alivihesabu kwa sauti: viwili vyeupe, kimoja cha manjano, viwili vya waridi. Bibi hakuvikodolea macho safari hii. Alifungua kinywa tu, akameza.