Ndege Waliokatwa Kwenye Mizani

"Thadeo, huyu ndege umemkata kwenye nini?"

Ursula alikuwa amemshika ndege wa chuma, na kwenye bawa lake zilionekana namba zilizofifia. Thadeo akavua miwani ya kuchomelea.

"Vyuma vya stoo kwenu Kabasa. Si baba yako mwenyewe alisema nichukue vyote?"

"Alimaanisha majembe mabovu. Hii ni mizani ya babu."

Thadeo akaweka miwani chini. Fundi mzuri huyu, lakini mwonyeshe chuma chochote, yeye anaona ndege tu. Walikuwa uwanjani Butiama, zimebaki siku mbili maonyesho yao yafunguliwe: ndege mia mbili juu ya nguzo, na kila nguzo ina spika ndani. Ursula alikuwa amerekodi milio ya ndege kisiwani Rukuba, pamoja na sauti za wazee wakieleza jinsi vichaka vilivyofyekwa enzi za mkoloni ili walime pamba kwa lazima. Harusi yao ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Na mizani ile, Mzee Stanislausi hakumruhusu hata Ursula, mwanaye wa kumzaa, aiguse.

Thadeo akashauri wanyamaze mpaka harusi ipite.

"Kwa hiyo unataka kunioa kwa uongo?" Ursula akamuuliza, na sauti haikuwa ya utani.

Kabla hajajibu, kwenye simu yake ukaingia ujumbe kutoka kwa baba mkwe: "Thadeo nimeingia stoo. Mizani iko wapi."

Sasa habari mbaya ya ukweni hupelekwa na mshenga. Mwoaji hajipeleki mwenyewe, hilo hata mlevi analijua. Lakini mshenga wao, Amos, alikuwa amevuka ziwa pale Kisorya kwenda msibani Ukerewe, na simu yake haikupatikana. Thadeo alipiga mara saba. Ya nane hakupiga. Akamchukua yule ndege, wakapanda gari la Bunda kwenda Kabasa.

Walimkuta mzee amekaa mlangoni pa stoo. Salamu hakuitikia. Thadeo akapiga magoti pale pale kwenye vumbi.

"Mzee, mshenga hapatikani, nimekuja mwenyewe. Mizani nimeikata mimi, na sikuuliza. Ukisema harusi hakuna, nitakuwa nimejitakia."

Mzee akampokea ndege, akamgeuza huku na huku, akapitisha kidole juu ya zile namba. Ursula aliwaomba watakatifu wote anaowajua, maana alimpenda huyu fundi wake mwenye mikono ya makovu, na hakujua angeishije akimkosa.

"Unajua kwa nini nilikuwaga naificha?" mzee akauliza.

"Hapana, baba," Thadeo akajibu.

"Baba yangu alikuwaga anapeleka pamba yake kwenye hiyo mizani. Ilikuwa inadanganya. Karani wa mkoloni anaandika nusu, ukibisha unakula viboko. Miaka minne baba hakupata ng'ombe wa kumwoa mama. Mama akamsubiri tu kwao, wenzake wote wameshaolewa. Kituo cha kununulia pamba kilipofungwa baba akaichukua. Akaniambia itunze, isipime tena mtu yeyote."

Akamweka yule ndege mapajani.

"Nimekaa nayo naogopa. Nikifa, si mtaiuza, mtu akaanze nayo tena wizi? Kuivunja nilishindwa, naona kama navunja neno la baba. Wewe umeivunja bila kujua."

Ursula akaangua kilio kama aliyefiwa, na katikati ya kilio akajikuta anacheka. Thadeo alibaki chini, hajui kama ameruhusiwa kusimama.

"Inuka," mzee akamwambia. "Kuja kwangu bila mshenga ni kosa, na mbuzi utaleta. Lakini hiyo mizani ilishachelewesha ndoa moja kwenye ukoo huu. Jumamosi hiyo muwahi kanisani."