Uniulize Nikishaapa

Segera hakuna anayetulia. Basi la Arusha linaingia, la Tanga linatoka, na wauza machungwa wanayakimbilia madirisha ya yote mawili. Katikati ya purukushani hiyo, kijana mmoja mwenye ovaroli ya bluu alirudi kinyumenyume, simu sikioni, akaukanyaga mfuko wa vitenge wa Husna.

Husna alimkaripia kwa Kizigua, tena kile cha zamani. Kijana alikata simu, macho yamemtoka.

"Dada, maneno hayo mara ya mwisho niliyasikia kwa marehemu bibi yangu. Wewe ni wa Mazingara?"

"Wa Chogo, kambini."

"Ahaa! Wale wa Somalia."

"Wale wa Handeni," Husna alimkatiza. "Wazee wetu walichukuliwa utumwani wakapelekwa huko. Sisi tumerudi tu."

Kijana huyo aliitwa Zaidi, fundi umeme wa Hale. Aliviokota vitenge kimoja kimoja, akavipukuta vumbi, na kabla basi halijaondoka alikuwa ameshapata namba. Tangu hapo, kila jioni cherehani ya Husna ilisimama simu ikiita.

"Umekula nini, mama watoto?"

"Watoto gani? Nionyeshe hata mmoja."

"Wako njiani. Wamekosa gari hapo Segera."

Husna alicheka, lakini neno watoto lilimkosesha usingizi. Yeye mwenyewe alizaliwa kambini, Handeni hiihii, na bado daftari la kambi lilimwita mkimbizi. Mtoto wake angeitwaje?

Siku Zaidi alipomposa walikuwa sokoni Korogwe, wanakula mihogo ya kukaanga. Husna alivaa gauni la kitenge cha manjano alilolishona mwenyewe, na Zaidi hakumaliza hata kipande kimoja kwa kumtazama.

"Tuoane mwezi ujao, mpenzi. Mke wa Mtanzania ana njia yake ya kuomba uraia. Utatoka kwenye hilo daftari."

Husna aliacha kutafuna. "Nimeomba uraia wa tajnisi kwa jina langu, Zaidi. Mwaka wa tatu huu nasubiri. Nikiupata kwa mgongo wako, siku tukigombana utaniambia nirudi wapi?"

"Siwezi kusema hivyo."

"Hakuna mwanamume anayeweza, mpaka siku anaposema. Wakinipa uraia nitaapa. Uniulize nikishaapa."

Zaidi alisikia kwamba amekataliwa. Haraka haraka haina baraka, lakini nani amwambie fundi aliyezoea kugusa swichi taa ikawaka? Wiki mbili baadaye alipiga simu, furaha imemjaa.

"Nimekumalizia kazi! Nimekwenda Mazingara kwa mzee wetu Mwinjuma. Kusikia ukoo wa mama yako tu, akasema huyu ni mtoto wetu. Ameapa kwa wakili kwamba ulizaliwa nyumbani kwake. Fomu ya kitambulisho nimeshaipeleka."

Kwa mzee Mwinjuma huo haukuwa uongo. Kwa Wazigua, mtu akishautaja ukoo wako, huyo ni wa nyumbani. Lakini Husna alishika meza.

"Zaidi, umeniua. Faili moja linasema nimezaliwa kambini, la pili linasema Mazingara. Wakiyakuta, mwongo ni mimi. Si wewe, si mzee. Mimi!"

"Nilitaka kukusaidia, mpenzi."

"Uliniuliza?"

Husna alikata simu, akaifungia namba yake.

Miezi miwili hakukalika. Alishona mikono ya gauni nje ndani, akafumua, akashona tena vilevile. Pikipiki ikinguruma nje, alitoka akidhani ni yeye. Alimchukia Zaidi, na alimkumbuka mpaka kifua kikamuuma. Kisha akaitwa uhamiaji. Ofisa, Bi Janeth, alikuwa na ile fomu mezani.

"Uliijua hii?"

"Niliijua ilipokwisha kupelekwa, mama. Sikuituma mimi."

"Ndivyo alivyoandika mwenyewe aliyeituma." Bi Janeth alimsogezea barua. "Alikuja na mzee wake, wakaiondoa, wakakubali kuhojiwa. Yao tutayaamua. Ombi lako linaendelea."

Barua ilikuwa fupi: *Husna hakuniomba. Nilimnyang'anya haki ya kujiombea mwenyewe.*

Alilia palepale, hakuona haya. Nje aliifungua namba ya Zaidi, lakini hakupiga. Alikuwa ameshasema: nikishaapa.

Siku ya kiapo, mjini Handeni, alivaa lile gauni la manjano. Aliinua mkono wa kulia, akayataja majina yake matatu bila sauti kutetemeka. Alipotoka na cheti, alipiga simu.

"Uko wapi?"

"Segera," Zaidi alijibu, honi za mabasi nyuma yake. "Nilikuwa nakuja huko, nikaogopa. Nimesimama tu hapa."

"Unaongea na Husna Mberwa Salimu, raia wa Tanzania."

"Hongera, Husna. Nisamehe. Hongera sana."

"Nilikusamehe pale kwa Bi Janeth. Kuna swali nilikwambia uniulize."

"Utakubali nikuoe?"

"Ngoja nifikirie."

"Husna! Mungu wangu!"

"Mbona unalalamika? Raia ana haki ya kufikiria."

Alifikiria kwa hatua arobaini, kutoka pale hadi stendi, simu ingali sikioni. Hapo akamwuliza kondakta gari la Segera linaondoka saa ngapi.

"Sasa hivi, dada."

"Umesikia?" Husna akauliza simuni, akapanda.