Kitabu Kilicholala Mbugangari

Kabla hapajapambazuka, Ingabire alisikia kiberiti kikitikiswa. Nyogokuru wake, yaani bibi yake Mukarugwiza, alikuwa akikitikisa karibu na sikio, kusikiliza kama njiti zilizobaki zitatosha wiki. Kisha akawasha mbabula, lile jiko lake la makaa, akabandika uji.

Mwalimu Gisubizo alikuwa ameshaamka. Alikuwa mwanachuo wa ualimu, aliyetumwa miezi miwili kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule ya msingi ya Ingabire, hapo mtaani Mbugangari, na Nyogokuru alikuwa amempa kitanda. Gisubizo alikulia Tanzania, Nyogokuru naye alikuwa amerudi kutoka Goma, ng'ambo ya mpaka. Nyumba hiyo ilisema Kiswahili cha namna mbili, na kila mmoja alimcheka mwenzake kidogo. Nyogokuru aliingia na kikombe cha uji, akakiweka mbali kidogo na karatasi za mwalimu ili kisizimwagikie, akatoka.

Mbele ya mwalimu kulikuwa na kitabu kinene cha sayansi. Maktaba ya chuo chao ilikuwa ndogo, na vitabu havikuwatosha wanachuo waliotawanywa mashuleni. Kwa hiyo mtunza maktaba aliwaazima wawili wawili kitabu kimoja. Mwenzake Gisubizo aliitwa Hitimana, naye alifundisha Cyanzarwe, huko mashambani. Kila Jumanne baada ya masomo, Ingabire alikipeleka kitabu sokoni kwa Mama Béata, muuza karanga kutoka Cyanzarwe. Mama Béata alikifunga ndani ya kitenge, akamfikishia Hitimana. Ijumaa alikirudisha. Wiki tatu kilikwenda na kurudi hivyo, bila hata kona moja kukunjika.

"Kikipotea," Gisubizo alikuwa amemwambia Ingabire, "hatutaazimwa kingine mpaka mazoezi yaishe. Tutafundisha kwa kubahatisha."

Jumanne ya wiki ya nne, Ingabire alisimama nyuma ya soko akakifungua kidogo tu. Kurasa zikaachana penye picha ya mlima uliopasuliwa katikati kama parachichi. Ndani palionekana njia ya moto ikipanda kutoka chini kabisa ya ardhi. Ingabire alizaliwa Goma, chini ya mlima wa namna hiyo. Maisha yake yote alikuwa ameuona kwa nje tu. Alitaka kuichora picha ile, mstari kwa mstari, na hilo si jambo la dakika tano. Akawaza: Mama Béata atakuja tena Ijumaa. Siku tatu ni kitu gani?

Akakirudisha nyumbani, akakisukumia chini ya godoro.

"Umempa Mama Béata?" Gisubizo akamuuliza jioni.

"Nimempa, Mwalimu."

"Asante. Unanisaidia sana."

Ingabire alichora siku tatu. Picha ilitoka vizuri, lakini kila alipoitazama alikumbuka ile asante.

Ijumaa alikwenda sokoni na kitabu ndani ya mfuko, akitaka kukitoa kimyakimya. Akakuta watu wamezunguka meza ya Mama Béata. Gisubizo alikuwapo, na Hitimana pia, viatu vyake vimejaa vumbi la njiani.

"Jana msimamizi wa chuo alikuja kunikagua," Hitimana alikuwa akisema. "Somo lilikuwa milima ya moto. Nikachora pembetatu ubaoni. Watoto wakaniuliza moto unatoka wapi, nikasimama pale kama gogo. Amesema atarudi Jumanne, na nikishindwa tena, mazoezi yangu hayatahesabiwa. Mama Béata, kitabu kiko wapi?"

"Mi sikupewa kitabu," Mama Béata akajibu.

"Mtoto amesema alikupa," Gisubizo akasema kwa upole.

Mwanamke wa meza ya jirani akacheka. "Angalieni zile karatasi anafungia karanga. Karanga za leo ziko na akili, zimesoma!"

Watu wakacheka naye. Mama Béata hakucheka wala hakugomba. Alichukua kifuko cha kwanza cha karatasi, akamwaga karanga juu ya sinia, akaikunjua karatasi na kuinyoosha kwa kiganja mbele ya Hitimana. Gazeti. Akachukua cha pili. Ukurasa wa daftari la mtoto wake. Cha tatu. Karanga alizozifunga tangu alfajiri zilianza kurundikana kwenye sinia.

Ingabire aliona angeweza kuondoka. Alidhani hakuna aliyekuwa amemwona. Mama Béata akanyoosha mkono kuchukua kifuko cha nne.

"Mama, acha," Ingabire akasema. Akajipenyeza katikati ya watu, akaweka kitabu mezani. "Hukupewa. Nilikilaza kwetu. Nilitaka kuchora mlima, halafu nikamdanganya Mwalimu."

Yule mwanamke wa jirani akaanza kupanga nyanya zake upya, ingawa zilikuwa zimepangwa vizuri. Hitimana alimtazama Ingabire, akamtazama Mama Béata, kisha akachuchumaa kando ya sinia na kuanza kufunga karanga. Hakujua kufunga, zilimwagika chini.

"Unisamehe, Mama," akasema. "Nilikushuku bila kukuuliza vizuri."

"Mimi pia," Gisubizo akasema, akachuchumaa upande wa pili.

Ingabire akapiga magoti katikati yao, machozi yakidondoka. Mama Béata alimwonyesha namna ya kukunja kitako cha karatasi ili karanga zisitoke.

Nyumbani, Hitimana akiwa amefuatana nao, Nyogokuru alisikiliza kisa chote bila kupandisha sauti.

"Lete mchoro wako," Gisubizo akasema.

Aliutazama mchoro kwa muda, akampa Hitimana. Kisha akapasua mifuko miwili mitupu ya saruji na kuigeuza upande safi. Ingabire akauchora mlima upya, mkubwa kama mlango, wakati Hitimana akinywa uji wa Nyogokuru na kusoma kitabu.

"Tulikosea na sisi," Gisubizo akamwambia mwenzake. "Picha muhimu tungezinakili mapema, kila mmoja abaki na zake. Na mtunza maktaba nitamwandikia mwenyewe yaliyotokea."

Jumanne msimamizi alirudi Cyanzarwe. Hitimana alitundika mlima wa karatasi ya saruji ukutani, na watoto walipouliza moto unatoka wapi, aliwaonyesha kwa kidole. Alifaulu. Habari hiyo Mama Béata ndiye aliyeileta mlangoni Ijumaa, na kitabu kikiwa kwenye kitenge chake kama kawaida.

Jumamosi, Nyogokuru na Ingabire walipanda kwenda Cyanzarwe kumwomba Mama Béata radhi nyumbani kwake. Njiani Nyogokuru alipumzika juu ya jiwe, akamvuta mjukuu wake karibu.

"Mutoto yangu, kitabu kikichelewa, kinafika kesho yake. Lakini uongo wako ulifika sokoni mbele yako, ukakaa kwenye meza ya mutu asiyejua kitu. Ungeniambia Jumanne ile ile, tungekipeleka sote kwa miguu, na picha ungechora kesho yake. Ukikosea, sema mapema, mbele ya mutu mwingine kuumia."

"Nimeelewa, Nyogokuru."

Mama Béata aliwapokea na viazi vya moto. Ingabire alipiga magoti, akamwomba radhi kwa maneno aliyokuwa ameyapanga tangu Mbugangari, na katikati yakampotea yote. Mama Béata akamwinua.

"Ulisema mbele ya watu, na ungeweza kukimbia. Mi niliona," akasema. Akamsogezea sahani.

Walikula hadi jua likapungua. Mama Béata aliwasindikiza mpaka barabarani, akasimama pale na kitenge chake mabegani.

"Jumanne nakungoja na kitabu," akamwambia Ingabire. "Na Jumamosi ingine ukuye tena huku kututembelea. Usilete kitu. Kuya tu, tukae."