Msumeno Usiomkata Rula

Siku ya pili ya majaribio, saa nne asubuhi, msumeno wa meza ulisimama katikati ya ubao bila kutoa sauti.

Mashine za aina hiyo hazisimami kimyakimya. Hunguruma, hulalamika, hupunguza mwendo kama mzee anayemaliza ngazi. Huu ulikuwa unazunguka, halafu ukawa hauzunguki. Fundi aliinua macho akidhani umeme umekatika, akaona feni ya ukutani inaendelea kupeperusha vumbi. Ndipo akatazama chini. Kidole gumba cha binti yake kilikuwa kimegusana na jino la diski, kama cha mtu anayejaribu makali ya kisu dukani. Hapakuwa na damu wala mkwaruzo.

"Baba," binti akasema taratibu, "breki inafanya kazi."

Karakana nzima ilimwita Rula, kwa kuwa tangu utotoni alipima kila kitu, wageni wakiwemo. Alikuwa na miaka ishirini na miwili na jicho linaloona kosa la milimita moja kutoka mlangoni. Baba yake alikuwa na vidole vinane. Viwili viliondoka na msumeno wa zamani, ule wa kuungaunga uliosimama bado pembeni, na kwa sababu hiyo miaka yote alimpa Rula kazi za kupima na kupiga msasa, makali akabaki nayo mwenyewe. Rula alipochoka kupiga msasa, mama yake alikuja mpaka mlangoni akasema, "Baba Rula, tafuta mashine yenye akili, au huyu mtoto akatafute kazi nyingine. Mimi nimetosheka na hivyo viwili."

Mashine yenye akili ilipatikana chuo cha ufundi, kwenye tangazo la vifaa vilivyotumika. Ilikuwa ya daraja la juu: meza ya chuma kizito, reli zisizoyumba, na breki ya vidole ambayo diski ikigusa nyama ya mtu huisimamisha kabla damu haijapata habari. Kwa bei ya nusu ya mpya ingewamalizia akiba yote. Mtunza stoo wa chuo, mwanamume mwenye kalamu tatu mfukoni na tabia ya kuazima ya nne, alimruhusu Fundi kuichukua kwa siku saba za majaribio baada ya kusaini fomu katika nakala nne. Nakala ya nne, alieleza, ilikuwa ya kuthibitisha zile tatu.

"Nunua leo, baba," Rula akasema. "Unangoja nini?"

"Nangoja siku saba. Nimezisaini mara nne."

Mchana wa siku hiyo ya pili Fundi alinunua kipande cha nyama buchani, akakifunga juu ya ubao, akausukuma kwa fimbo. Diski ilikipasua kwa unyoofu ambao muuza nyama angeuonea wivu, ikakitapakaza ukutani, ikaendelea kuzunguka. Akajaribu tena. Ikapasua tena.

"Labda inajua nyama iliyokwisha kufa," Rula akacheka.

Fundi hakucheka. Alimtuma akanunue skrubu ambazo hawakuzihitaji, akazima mashine na kufungua mlango mdogo wa chini. Mahali pa breki palikuwa patupu. Palikuwa na matundu manne ya bolti na utando wa buibui wa miaka mingi. Kando ya diski, upande wa ndani ambako mkono wa binadamu haupindiki kufika, rangi ilikuwa imelika hadi chuma kikang'aa, na mng'ao ule ulikuwa na umbo la kiganja na vidole vitano virefu. Kutoka humo ilitoka harufu ya nywele zilizolowa na kuachwa bila kukaushwa.

Mtu akiona kitu kama hicho huwa ana njia mbili, kusema au kufagia. Fundi alifagia. Alijiambia kwamba breki iwe chuma au isiwe chuma, vidole vya mtoto bado ni kumi, na hesabu hiyo ilimtosha siku nzima ya tatu, ingawa siku hiyo diski ilisimama mara saba, zote kwa Rula, na Rula alikuwa ameanza kusukuma mbao huku akitazama dirishani. Kila iliposimama, chini ya meza kulisikika kitu kidogo kikavu: kt. Kisha: kt, kt. Ilikuwa sauti ya mtu anayekata kucha.

Siku ya nne umeme ulikatika mchana, mtaa mzima ukanyamaza, redio, feni, mashine za jirani, na katika ukimya huo Fundi, aliyekuwa chumba cha nyuma akitafuta gundi, alisikia ile kt, kt, kt, safari hii bila haraka, kama kazi ya mtu mwenye muda, akarudi akinyata juu ya maranda, kopo la gundi amelishika mbele yake kana kwamba ni silaha, harufu ya nywele mbichi ikimjaa puani hadi akaionja ulimini, akachungulia nyuma ya mbao zilizoegemezwa ukutani, akaona diski inazunguka polepole pasipo umeme, jino baada ya jino, na Rula ameketi kwenye kigoda kando yake, kichwa amekilaza ukingoni mwa meza, macho ameyafumba, na mkono wake wa kulia umeingia hadi kiwiko katika ule mlango mdogo wa chini, umelegea kama mkono wa mtoto anayekatwa kucha na mama yake.

"Rula," akanong'ona.

Diski ikasimama. Rula akazinduka, akautoa mkono. Ulikuwa safi. Gundi iliyokauka, weusi wa vumbi, ngozi ngumu ya msasa, vyote vilikuwa vimeondoka, na kucha tano zilikuwa zimekatwa kwa mviringo mmoja, bila kosa la hata milimita. Mkono wa kushoto ulikuwa vilevile, mchafu, kucha moja imevunjika.

"Umekata kucha saa ngapi, mama?"

Rula aliulinganisha na wa kushoto.

"Sijakata," akasema kwa sauti ya chini. "Usimwambie mama."

Siku ya tano Fundi alikuwa mbele ya dirisha la stoo kabla halijafunguliwa.

"Unarudisha kabla ya siku saba?" mtunza stoo akauliza, akivuta fomu ya kijani. "Sababu?"

"Haina breki."

"Kwenye leja ina breki."

"Ndani ya mashine haina."

"Mimi ni wa leja, fundi wangu. Sababu nyingine?"

Fundi akainama dirishani. "Ina mtu."

Mtunza stoo alipitisha kalamu juu ya visanduku vya fomu, kimoja baada ya kingine, kwa uaminifu kabisa. "Kutu, nyufa, mota kuungua... Hakuna kisanduku cha mtu. Tuweke 'Nyinginezo'?" Lakini akaiweka kalamu chini. "Waombaji wengine watatu wanaingoja," akaongeza. Halafu, kwa sauti isiyokuwa ya kazini: "Nenda nyumba ya tatu nyuma ya chuo. Mwalimu aliyeitumia yuko pale. Miaka kumi na tisa hakuchubuka hata mara moja. Tulimpa cheti cha usalama."

Mwalimu alikuwa ameketi ukumbini chini ya cheti chake, kimewekwa kwenye fremu. Mkewe alikuwa akimnywesha chai kwa kijiko. Uso wake ulikuwa wa mzee, lakini mikono iliyolala magotini ilikuwa ya kijana, laini, haina hata mshipa uliotoka. Saa ya ukutani ilipogonga mbili, mikono ile iliinuka yenyewe, ikashika hewa, ikaanza kusukuma ubao usiokuwepo.

"Mpaka saa nne," mke akasema bila kugeuka. "Halafu inapumzika nusu saa. Kama chuoni."

Mwalimu hakuitazama. "Mashine ile haikuniacha niumie hata siku moja," akamnong'oneza Fundi. "Sasa hainiachi nijikune."

Fundi aliporudi nyumbani alimkuta Rula akila kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa juu ya meza, mbele yake, umekaa kama mgeni.

"Mkono umechoka tu," Rula akasema. "Utaamka kesho."

Mama yake alimtazama Rula, akamtazama mumewe, na jioni hiyo Fundi alisema yote. Mama Rula hakupiga kelele. Aliinua simu akamwita shangazi yake.

Shangazi alikuwa mkunga mstaafu, na mambo ya majini aliyafanya kwa utaratibu uleule wa wodini. Leseni yake ya uganga ilikuwa imekwisha muda wake miaka miwili iliyopita, na hakuna jini aliyewahi kuiulizia. Asubuhi ya siku ya sita aliingia karakanani, akanusa, akauzunguka msumeno, akaweka sikio juu ya chuma.

"Huyu si muuaji," akasema. "Ni mtunzaji. Anatunza anachokiona chake. Hutaka mikono mizima tu. Wewe mkwe wangu alikuhesabu vidole, akakupita kama karani anavyoipita fomu yenye makosa."

"Tumrudishe chuoni basi, shangazi," Mama Rula akasema.

"Rudisheni chuma. Mkono ataondoka nao."

"Sasa tufanye nini?"

Shangazi akamwangalia Fundi, si kwa ukali. "Mkono uharibike mbele yake. Kwa chombo cha kazi, kidonda kinachoacha kovu. Na mwenye mkono akubali."

Fundi alielewa kwamba alikuwa ametumia miaka ishirini kuuficha mkono ule dhidi ya kila kitu chenye makali, na kwamba ni yeye aliyemtayarishia mtunzaji huyo.

"Nakubali," Rula akasema. "Washa."

Walijaribu kwanza msumeno wenyewe. Mara tatu Rula aliushika mkono wa kulia kwa wa kushoto akausogeza kwenye diski, na mara tatu diski ikasimama kwa upole, bila sauti. Fundi akachukua patasi nyembamba. Hapo mkono ukajua. Ukaruka kutoka mezani, ukamkaba Fundi kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo Rula hajawahi kuwa nazo, na Rula akalia, "Baba, si mimi! Baba, si mimi!", na mama yake akautupia mwili wake wote, kifua na magoti, akaulaza juu ya chuma, na diski ikaanza kupiga yowe ingawa hakuna aliyeigusa swichi, na chini ya meza kt, kt, kt zikaungana kuwa mlio mmoja kama wa meno, na harufu ikapanda hadi macho yakawatoka machozi, na Shangazi, mgongo kwa ukuta, akasema kwa sauti ya wodini kabisa, "Sasa, baba, sasa, usingoje," na Fundi kwa vidole vyake vinane akaikita patasi katika nyama iliyo chini ya kidole gumba cha mwanawe, akaivuta.

Damu ilitoka. Mwanzoni ilikuwa kidogo, kisha ikajaa katika mfereji wa meza.

Diski ikanguruma, ikalalamika, ikapunguza mwendo, ikasimama kama mashine yoyote. Maranda sakafuni yakagawanyika katikati kama yaliyopitiwa na mtu, mstari mmoja hadi mlangoni, kisha vumbi la barabarani, upande wa chuo.

Rula alikuwa ameukunja mkono kifuani, amejikunyata.

"Rula?" mama yake akaita. "Mwanangu, ni wewe?"

Vidole vitano vikafunguka, kimoja kimoja.

"Inauma," Rula akasema. "Mama, inauma sana."

Mama Rula akaketi juu ya maranda, akamkumbatia na damu yake yote.

"Sema tena," akasema.