Sahihi Kwenye Kona ya Picha

Ndugu zangu, nisikilizeni kidogo. Haya yalitokea katika nyumba iliyopakana na karakana yangu, na mimi fundi wa fremu sikuyasikia kwa watu. Nilikuwepo, na sehemu ya kosa ni yangu.

Nyumba ile ilikuwa na mama na watoto wake wawili. Mkubwa alikuwa mchoraji wa mabango ya maduka, na mtaa mzima tulimwita Msanii. Mdogo wake wa kike alikuwa na kigugumizi, basi tukamwita Kimya, wala hatukuona vibaya. Asubuhi zao zilikuwa tulivu. Mama anapiga pasi huku akiimba, Msanii anapima herufi, na chumba cha nyuma Kimya anachora watu juu ya mbao chakavu. Na picha zile, jamani! Ukizitazama unasahau ulichotumwa.

Siku moja ikaja barua. Msanii alikuwa amealikwa kwenye mkutano mkubwa wa wachoraji na wenye majumba ya maonyesho. Aje na kazi tatu, na akipenda aje na mtu mmoja.

"Si utakwenda na mdogo wako?" mama akauliza.

"Mama, kule watu wanaongea. Huyu akiulizwa jina lake tu, chai inapoa."

Tulicheka. Nami nilicheka. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi.

Kesho yake akaniletea picha tatu nizitie fremu. Zilikuwa za Kimya, nazijua kama viganja vyangu. Lakini kwenye kona ya kila moja kulikuwa na sahihi mbichi ya kaka yake. Niliiona, nikaendelea kugonga misumari. Kisha akaniomba nimsindikize, nikakubali.

Msiniulize jinsi tulivyotapatapa siku ya kwanza. Tulivishwa vitambulisho shingoni, tukakaa viti vya wazungumzaji, tukainuliwa. Kila mtu alikuwa akimkumbatia mwenzake. Sisi tulikumbatia picha zetu. Kijana mmoja mwenye miwani akamuuliza Msanii, "Wewe unafanya kazi kwa njia gani?" Akajibu, "Kwa brashi." Yule kijana, aliyekuwa akiuliza mtindo wake wa uchoraji, akacheka hadi akapaliwa. Nilimwonea huruma mwenzangu. Ugeni unadhalilisha, na mtu aliyedhalilika hushika chochote kitakachompandisha.

Kilichompandisha ni zile picha. Mama mmoja mwenye jumba la maonyesho alisimama mbele ya ile ya mwanamke anayepiga pasi, akakaa hapo muda mrefu. "Hii ni yako?"

"Yangu, mama."

"Kwa nini uso wake una kivuli cha kijani?"

Msanii akajibu, "Ndiyo rangi iliyokuwa karibu."

Yule mama alimtazama, akatazama picha, kisha akamwomba mchana ajiunge na wachoraji watakaochora mbele ya watu. Kulikuwa na nafasi ya mafunzo ya miezi sita, alisema, naye alikuwa akitafuta wa kumpa.

Ningeweza kumzuia. Sikumzuia.

Mchana ule Msanii alichora mbele ya watu kama arobaini. Herufi angeziweza, uso ulimshinda. Rangi zilichanganyika zikawa tope. Watu hawakumzomea. Waliondoka mmoja mmoja kwa adabu, na hilo lilimuumiza zaidi. Nilimkuta ngazini, kichwa katikati ya magoti.

"Fundi, nimejimaliza."

"Wewe bado mzima," nikamwambia. "Mdogo wako ndiye uliyemfuta."

Akapiga simu nyumbani. Niliketi karibu, nikasikia yote.

"Mdogo wangu, picha zako nimezitia jina langu."

"Na-na-najua," Kimya akasema. "Na ya chai ni-nilisikia."

Msanii akalia kama mtoto. Akamsihi aje. Kimya akasema, "Nitakuja. Si-si kwa ajili yako."

Alifika asubuhi ya siku ya mwisho, yeye na mama, nguo zimenyooka kwa pasi. Wakati wa maswali Msanii alisimama. "Picha zile ni za mdogo wangu, huyu hapa. Nilidanganya." Ukumbi ukaguna. Yule mama alimgeukia Kimya, akamuuliza swali lilelile la kivuli.

Kimya alifungua mdomo, neno likakwama. Likakwama tena. Mtu wa nyuma akataka kumsaidia kulimalizia, yule mama akainua mkono kumnyamazisha. Tukangoja.

"Ma-mama alikuwa ameanika shuka la kijani di-dirishani. Mwanga ulipitia humo, u-ukamwangukia usoni."

Mama mzazi akajifunika uso kwa mtandio. Miaka yote ile hakujua kwamba kuna mtu alikuwa akimtazama hivyo.

Kimya ndiye aliyepewa nafasi, na kule wanamwita kwa jina lake alilozaliwa nalo. Msanii amerudi kwenye mabango. Dada yake alimsamehe, ila chumba cha nyuma alikifunga akamwachia mama ufunguo. Kila Jumapili anapiga simu, na kaka yake anamsikiliza hadi mwisho wa kila neno, wala hammalizii.

FUNZO

Wazazi na majirani, mwenye ulimi mzito si mwenye akili nzito. Tusiwafiche watoto wetu chumba cha nyuma kwa kuona haya, kisha tukatoka na jasho lao mbele za watu. Aibu ya ugeni huisha kwa siku mbili; ile ya kumnyang'anya ndugu yako kazi ya mikono yake hubaki nyumbani. Na wewe unayeona ukaendelea kugonga misumari yako, kama mimi, usijitoe. Sema mapema, kabla rangi ya sahihi haijakauka.